Sabuni na dawa za usafi zinazouzwa kama rafiki wa mazingira: tunazipimaje?

#1 Mama Kinyerezi
Wanajukwaa, habari za jioni.

Siku hizi kila rafu ya supamaketi ina chupa yenye picha ya jani la kijani na neno "asilia", iwe ni sabuni ya vyombo, dawa ya kupigia deki au mafuta ya nywele, na bei yake huwa juu sana kuliko ile ya chupa iliyo pembeni yake. Nyumbani kwangu maji ni ya kisima na yana chumvi kiasi kwamba sabuni ya mche haitoi povu mpaka uisugue kwa nguvu. Maji machafu yote yanaingia shimoni, isipokuwa maji ya kufulia, ambayo humwagiwa mchicha na migomba nyuma ya nyumba.

Swali langu ni hili: mtu wa kawaida asiye na maabara anatambuaje kwamba bidhaa fulani kweli ina madhara madogo kwa udongo na maji, na kwamba halipii picha ya jani? Naomba majibu yatokane na vitu tunavyotumia kila siku. Naomba kuwasilisha.

#2 Mkunazini
Dada, jibu tunalo tangu zamani. Bibi zetu wa Makunduchi walisugua masufuria kwa makumbi na majivu, wakaoga kwa dodoki na kupiga mswaki wa mti. Dodoki likichakaa unalitupa shambani, linaoza. Sponji ya plastiki inakatikakatika vipande vidogo vinavyoteremka na maji ya kuoshea vyombo mpaka vikaishia baharini. Siku hizi Paje akina mama wanatengeneza sabuni ya mwani: mwani unakaushwa, unasagwa, unachanganywa na mafuta ya nazi, kisha unatiwa karafuu au mchaichai. Kilichotoka shambani na baharini hakiwezi kuliharibu shamba wala bahari. Nunua hicho, mengine yaache.

#3 Fundi wa Mbagala
Mkunazini, salamu. Sabuni ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo naomba nirekebishe jambo moja. Hakuna sabuni ya kipande, hata hiyo ya mwani, isiyopitia kostiki soda. Mafuta peke yake hayawi sabuni. Vipimo vikiwa sahihi, na sabuni ya kumwaga baridi, yaani isiyochemshwa, ikaachwa ikomae wiki 4 hadi 6, kostiki yote inakuwa imeshageuka; ikizidi, sabuni inababua mikono, na hapo karafuu haisaidii kitu.

Sabuni ya maji inayouzwa kwenye madumu ya lita 5 mitaani ni kitu kingine kabisa. Ndani yake kuna asidi ya salfoniki iliyotulizwa kwa magadi soda, kuna slesi, kemikali ya kuongeza povu, chumvi ya kuifanya iwe nzito, rangi na manukato. Wateja wangu hupima ubora kwa uzito na povu. Uzito ule unatoka kwenye chumvi, na povu halisafishi zaidi ya sabuni yenyewe. Mteja anayedai sabuni nzito yenye povu jingi anadai chumvi na kemikali zaidi kwenye shimo lake, na sisi mafundi tunampa anachokitaka.

Wapo pia wanaotia fomalini ili sabuni isiharibike. Hiyo ndiyo ya kukataa kabla ya nyingine zote, kwa sababu fomaldehaidi iliyomo ndani yake imo katika orodha ya vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Muulize anayekuuzia anaihifadhi sabuni yake kwa kitu gani. Akisita, ondoka.

#4 Maabara ya Pili
Naongezea kwa Fundi, maana historia ya hiyo asidi ya salfoniki inafaa kujulikana. Katika miaka ya 1950 sabuni za kemikali zilizouzwa Ulaya na Marekani zilikuwa na molekuli zenye matawi ambazo bakteria hawakuweza kuzila kwa urahisi, na mito ikajaa povu. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 viwanda vilianza kuhamia kwenye molekuli zenye mnyororo ulionyooka, na hiyo ndiyo inayotumika hadi leo, ikiwemo kwenye madumu ya Mbagala. Bakteria wanaila vizuri, lakini kwa sharti moja: pawepo hewa. Kwenye udongo wa juu inaisha upesi. Ndani ya shimo lisilo na hewa inakaa muda mrefu.

Kwa hiyo, Mama Kinyerezi, chupa ileile ina tabia moja kwenye migomba yako na tabia nyingine shimoni kwako. Maandishi "inaoza yenyewe" yana maana kwa mtu ambaye maji yake yanakwenda kwenye mtambo wa kusafisha majitaka. Kwako maana yake ni nusu tu.

#5 Mama Kinyerezi
Asanteni. Fundi, fomalini haiwezi kutambuliwa kwa harufu?

#6 Fundi wa Mbagala
Ikiwa nyingi, inachoma pua na macho pale unapofungua dumu. Ikiwa kidogo, manukato yanaifunika.

#7 Muuguzi wa Kata
Ninaomba tusisahau kwamba usafi upo kwa ajili ya kuzuia maradhi. Nimefanya kazi katika kambi ya kipindupindu miaka ile mlipuko ulipoanza 2015, na siwezi kukubali ushauri wa "mengine yaache". Pale ambapo kuna matapishi au kinyesi cha mgonjwa, majivu na mwarobaini havitoshi. Inatakiwa klorini ya asilimia 0.5, kwa jiki ya asilimia 3.5 hiyo ni sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 6 za maji. Klorini yenyewe haikai kwenye maji muda mrefu, sehemu yake kubwa inaishia kuwa chumvi.

Ninachokipinga ni matumizi ya kila siku bila sababu. Sakafu ya sebule isiyo na mgonjwa inahitaji maji na sabuni tu. Na tafadhali, jiki isichanganywe kamwe na dawa ya chooni yenye asidi, kwa maana mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, na nimewapokea watu waliobebwa kutoka bafuni wakishindwa kupumua.

#8 Mkunazini
Muuguzi, nimekuelewa kuhusu kipindupindu. Lakini kwa usafi wa kawaida wa jikoni na chooni, siki na magadi ya unga vinatosha. Ukivichanganya vinachemka kwa nguvu na uchafu wote unang'oka, tena ni vitu vya kuliwa.

#9 Maabara ya Pili
Kule kuchemka ni siki na magadi vikimalizana nguvu. Asidi na alikali zikikutana zinatoa hewa ya ukaa na kubakiza maji yenye chumvi dhaifu, ambayo haisafishi kuliko maji matupu. Tumia kimoja kimoja: siki kwa ule ukungu mweupe wa maji ya chumvi kwenye bomba na birika, magadi kwa mafuta yaliyoganda. Kwa sakafu ya marumaru ya jiwe halisi usitumie siki, itaila.

#10 Winam
Salamu kutoka Kisumu. Mnazungumzia shimo na migomba, lakini sisi wa ziwani tunaona mwisho wa safari ya maji hayo. Gugumaji limefunga fukwe zetu mara nyingi tangu lilipoonekana Ziwa Viktoria karibu na mwaka 1989, na linanawiri kwa sababu ya fosfeti za sabuni ya unga. Umoja wa Ulaya uliwekea fosfeti kikomo katika sabuni za kufulia za majumbani kuanzia 2013, na katika sabuni za mashine za vyombo kuanzia 2017. Wao wamejilinda, hapa kwetu pakiti nyingi hazisemi hata kama fosfeti imo. Kwa maoni yangu huo ndio ungekuwa mtihani wa kwanza wa sabuni ya unga: imeandikwa wazi kwamba haina fosfeti, au haikuandikwa?

#11 Maabara ya Pili
Winam, naunga mkono mtihani wako, lakini chanzo ulichokitaja ni kimoja kati ya vingi. Fosforasi inayoingia Ziwa Viktoria inatoka pia kwenye mashamba yanayomomonyoka, vyoo na majitaka ya miji. Tafiti za LVEMP, mradi wa kutunza mazingira ya ziwa hilo, zilionyesha kwamba sehemu kubwa inaanguka na mvua na vumbi la angani, na moshi wa kuchoma mashamba na misitu umo humo. Gugumaji lenyewe ni mgeni kutoka Amerika Kusini, na kupungua kwake mwishoni mwa miaka ya 1990 kulihusishwa sana na mbawakavu walioletwa kulila. Sabuni ikibadilishwa na vyoo vikabaki vinavyovuja, ziwa halitaona tofauti kubwa.

#12 Winam
Ndugu, mvua siwezi kuizuia, na vyoo vya mji mzima siwezi kuvijenga. Sabuni ninaweza kuichagua kesho asubuhi dukani. Mtu huanza na kilicho mkononi mwake.

#13 Mjukuu wa Ujiji
Mnazungumza kana kwamba sabuni nzuri ni za pwani tu. Kigoma tumefua kwa sabuni ya mawese vizazi na vizazi. Bibi yangu alichoma maganda ya ndizi, akayatia majivu kwenye chungu chenye matundu chini, akamimina maji taratibu, na yale maji ya kahawia yaliyochuruzika ndiyo aliyochemsha na mawese. Alikuwa akiyapima kwa kudumbukiza unyoya wa kuku: unyoya ukilainika na kuanza kuyeyuka, maji yameiva. Sabuni yake ilikuwa laini kama ugali wa moto, ikakaa kwenye kata, na haikuhitaji pakiti yoyote.

Kwa hiyo nashangaa ninapoona chupa kutoka ng'ambo imeandikwa kwa fahari kwamba haina mafuta ya mawese. Mawese ya mzee mwenye michikichi kumi nyuma ya nyumba hayajakata msitu wa mtu.

#14 Ughaibuni Kaskazini
Mjukuu, andiko hilo kwenye chupa linahusu misitu ya Indonesia na Malaysia iliyofyekwa kwa ajili ya mashamba makubwa ya michikichi. Tatizo ni kwamba viwanda vya Afrika Mashariki navyo vinaagiza mawese mengi kutoka hukohuko, hivyo mche wa sabuni wa Dar es Salaam unaweza kuwa na mafuta mengi zaidi ya Sumatra, kisiwa cha Indonesia, kuliko ya Ujiji.

Nikiwa Uswidi, nijibu swali la nembo. Hapa kuna alama ya Swan ya nchi za Nordiki, iliyoanza 1989. Ujerumani wana Blauer Engel tangu 1978. Umoja wa Ulaya una ua lake tangu 1992. Hizo hukaguliwa na mtu wa tatu na zina vigezo kwa kila aina ya bidhaa. Jani linalochorwa na kiwanda chenyewe ni tamko la muuzaji. Shirika la viwango la Afrika lina alama yake pia, Eco Mark Africa, ingawa sijaiona kwenye sabuni nikija likizo.

Jambo la pili: tathmini nyingi za ufuaji zilizofanywa Ulaya zinaonyesha kwamba mzigo mkubwa zaidi ni umeme wa kupasha maji moto, ndiyo maana tunahimizwa kufua kwa nyuzi 30. Ninyi mnafua kwa mkono, kwa maji baridi, na kuanika juani. Mzigo huo hamna kabisa. Mkichukua orodha ya Ulaya kama ilivyo mtakuwa mnatibu ugonjwa wa jirani.

#15 Mama Kinyerezi
Nashukuru kwa hilo la nembo. Na alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania?

#16 Duka la Kona
Mama, alama ya TBS inakuambia bidhaa imekidhi kiwango cha ubora na usalama. Tangu 2019 vipodozi navyo viko chini yao, baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Si alama ya mazingira, lakini kwa kipodozi kisichokuwa nayo mimi siweki rafuni.

Niongeze upande wa dukani. Wateja wangu wengi hawanunui chupa ya lita moja. Wananunua kipakiti cha sabuni ya unga cha siku moja na shampuu ya kichwa kimoja. Mifuko ya plastiki ilikatazwa Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na Kenya walitangulia 2017, lakini vipakiti vya bidhaa vimebaki, na ndivyo vinavyojaza mtaro mbele ya duka langu mvua inapoanza. Mchanganyiko wa matabaka ya plastiki na foili haununuliwi na wale wanaookota chupa. Kwa hiyo, kabla ya kujadili kilichomo ndani, tazama kilichofungiwa. Sabuni ya mche iliyozungushiwa karatasi, au isiyozungushiwa kitu, inaipita chupa nyingi zenye jani.

Ninauza pia sabuni ya maji ya kupima. Mteja anakuja na chupa yake tupu. Ninakataa jambo moja tu, kuijaza kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda, kwa sababu ya watoto.

#17 Fundi wa Mbagala
Duka la Kona, leo umenipigia debe bila malipo. Njoo uchukue madumu.

#18 Mlezi wa Mapacha
Naomba tuongelee nepi, maana katika nyumba yenye mtoto hizo ndizo taka kubwa kuliko chupa zote mlizozitaja. Pampasi moja inakaa ardhini miaka 500, na kwetu hazina pa kwenda isipokuwa kuchomwa au kutupwa korongoni. Nilirudi kwenye nepi za kitambaa kwa mapacha wangu, pampasi nikaacha kwa ajili ya safari na usiku.

#19 Maabara ya Pili
Hiyo miaka 500 ni makadirio yanayorudiwa. Nepi za kutupa zilianza kuenea miaka ya 1960, hivyo hakuna iliyofuatiliwa mpaka mwisho wake. Uamuzi wako hata hivyo una msingi. Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulipolinganisha aina hizo mbili katika ripoti ya 2008, matokeo ya nepi za kitambaa yalitegemea namna zinavyofuliwa: zikikaushwa kwa mashine zinapoteza faida, zikianikwa nje na kurithiwa na mtoto wa pili zinashinda.

#20 Muuguzi wa Kata
Kwa pedi za kufua ni vivyo hivyo, ila kwa tahadhari. Zinahitaji maji ya kutosha na jua. Wasichana wengi wanazianika chini ya kitanda au nyuma ya kabati kwa kuona haya, zinabaki na unyevu na kuwaletea muwasho. Kabla ya kumhimiza binti aache za kutupa, hakikisha ana kamba ya kuanikia asiyoionea haya.

#21 Mkulima wa Bustani
Mama Kinyerezi, nimesoma uzi mzima nikisubiri mtu aseme kuhusu mchicha wako. Sabuni za unga zina sodiamu nyingi. Ukimwagia palepale kila wiki, udongo wa mfinyanzi unaziba, unatengeneza ukoko juu, maji yanasimama na ncha za majani zinaungua. Na maji ya kisima chako tayari yana chumvi! Tambua kwa macho: mwagia kopo la maji safi kwenye tuta. Yakituama kwa muda mrefu kuliko kwenye udongo wa kando, sodiamu imeshajikusanya.  Peleka kwenye migomba maji ya suuza tu, yale ya kwanza yenye sabuni nzito usimwagie bustani, na ubadilishe sehemu kila mara.

Ile sabuni ya bibi wa Ujiji iliyotokana na majivu ya maganda ya ndizi ilikuwa na potasiamu badala ya sodiamu, na potasiamu ni chakula cha mmea. Kwa bustani ile ilikuwa bora kuliko chupa yoyote iliyotajwa humu.

#22 Mjukuu wa Ujiji
Ahsante, Mkulima. Bibi angefurahi kusikia.

#23 Maabara ya Pili
Kwa bustani nakubali. Kwa maji ya kisima, sabuni ya majivu itashikana na kalsiamu na magnesiamu kuwa utando mweupe unaong'ang'ania nguo, na atatumia nyingi zaidi. Sabuni za kemikali hazina shida hiyo.

#24 Fundi wa Mbagala
Ipo njia ya katikati. Sabuni ya mafuta ya nazi matupu inatoa povu hata kwenye maji ya bahari. Mabaharia waliitumia kwa sababu hiyo. Inakausha ngozi, kwa hiyo ni ya kufulia, si ya kuogea mtoto.

#25 Mwalimu wa Sayansi
Nashangaa tumefika hapa bila kutaja zebaki. Sabuni na krimu za kujichubua zenye zebaki zinamdhuru mtumiaji figo, na kila anaponawa zinaingia katika maji na hatimaye katika samaki. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ulipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu 1 katika milioni baada ya 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kukataza vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki, hata chini ya kikomo hicho. Bado vinauzwa. Soma pakiti: "mercury", "mercurio", "calomel", au onyo la kutogusisha na dhahabu na fedha, ni dalili ya kutosha kuiacha. Ningependa tuanze na bidhaa hizi zinazoua kabla ya kubishana kuhusu povu.

Vilevile sabuni za "kuua vijidudu" zenye triklosani: Marekani ilizikataza kwa matumizi ya nyumbani kwa uamuzi wa 2016, kwa kuwa watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji.

#26 Mkunazini
Mwalimu umesema kweli. Na kwa wageni wetu wa pwani, mafuta ya kujikinga na jua yenye oksibenzoni: Hawaii walikataza kuyauza kuanzia 2021 kwa ajili ya matumbawe. Paje wanaoga nayo mchana kutwa juu ya mashamba ya mwani.

#27 Ughaibuni Kaskazini
Matumbawe ya Zanzibar yaliungua sana mwaka 1998 kwa sababu ya joto la bahari, na mwani aina ya kotonii unawafia akina mama kwa joto hilohilo. Mafuta ya wageni yakiondolewa kesho, joto litabaki palepale.

#28 Mkunazini
Joto linatoka mbali, mafuta yanatoka hotelini. Nitaanza na hotelini, kama alivyosema Winam.

#29 Mama Kinyerezi
Nimepata zaidi ya nilichotarajia. Nimemwagia kopo la maji kwenye tuta la mchicha kama alivyoelekeza Mkulima. Yamesimama, wakati pembeni yalizama mara moja. Kwa hiyo maji ya sabuni nimeyahamishia shimoni, na hapo narudi kwa Maabara: huko shimoni ndiko ulikosema haiozi. Niipeleke wapi?

#30 Maabara ya Pili
Chimba mtaro mfupi wenye kokoto na mchanga, mbali na kisima, uelekee kwenye migomba. Hewa inapita, bakteria wanafanya kazi.

#31 Mkulima wa Bustani
Sodiamu haiozi hata kwenye kokoto. Badilisha sabuni kwanza, mtaro baadaye.

#32 Fundi wa Mbagala
Naweza kumtengenezea ya nazi kwa potashi, yenye potasiamu badala ya sodiamu, iwe ya maji, bila slesi na bila chumvi. Itakuwa nyepesi kama maji na povu lake ni dogo, na bei itapanda, kwa sababu potashi ni ghali kuliko kostiki soda.

#33 Duka la Kona
Nyepesi kama maji hainunuliwi hapa kwangu. Weka bei kwa lita tuione.